Wacheza moto tuliowakodi Shangani: nyota nne kati ya tano

Mgahawa wetu uko Shangani, na tulipotimiza mwaka tulitaka ngoma ya moto nje, kwenye uwazi ulio mbele ya mlango. Ndani haikuwezekana kabisa. Juu tuna paa la makuti, na dari za chini zinabebwa na boriti za mikoko kama nyumba nyingi za Mji Mkongwe. Wacheza moto si adimu Unguja. Kule Nungwi na Kendwa hoteli huwaita watumbuize wageni ufukweni. Lakini kule kuna mchanga na bahari. Huku kwetu kuna vichochoro, nyaya za umeme zinazopita vichwani, baraza zilizojaa wazee na watoto, na gari la zimamoto lenyewe njia nyingi haliingii. Kwa hiyo kila kikundi nilichozungumza nacho, kabla ya bei, nilikiuliza: mnazimaje?

Wengine walinijibu habari za spika na mavazi. Kiongozi wa kikundi hiki, kijana mpole asiyepandisha sauti, alifungua begi akanitolea taulo kubwa la pamba. Akanambia linaroweshwa maji kabla ya onyesho, na anayelishika ni mtu ambaye usiku huo hachezi. Hapo nikamwambia tuzungumze bei.

Kibali walikifuatilia wao. Wamesajiliwa BASSFU, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na cheti walikuja nacho bila kuombwa. Walianza kwa sheha, barua ikaenda Manispaa na polisi, na Kikosi cha Zimamoto kikapewa taarifa ya mahali na saa. Mimi niliandika barua moja tu, ya kuthibitisha kuwa nimewaalika. Sheha alitaka jambo moja: moto usiwashwe mpaka watu watoke kusali Isha. Wakakubali, na siku yenyewe hata spika hawakuifungua kabla ya hapo.

Najua wapo wenye biashara wanaoita vijana jioni kwa jioni bila karatasi yoyote, wakisema kibali ni usumbufu. Sikubaliani nao hata kidogo. Askari akifika moto unawaka na hamna karatasi, mtabishana naye huku watu wanasukumana. Kwetu alifika, akasoma, akakaa pembeni, kisha akatusaidia kuzuia vespa zilizokuwa zinataka kupenya.

Walipokuwa wanajiandaa nilikaa nao. Poi, zile tambi zinazozungushwa kwa minyororo, zao ni za kevla, uzi uleule wa fulana za kuzuia risasi. Hauyeyuki. Nimeona kwengine watu wamefunga jinzi kuukuu kwa waya. Kitambaa kikishaliwa na moto, vipande vinakatika na kuwarukia watazamaji. Kijana huyu alipitisha kidole kila pete na kila skrubu, akakanyaga ncha ya mnyororo akauvuta kwa nguvu zake zote. Fimbo moja aliirudisha begini kwa sababu utambi wake ulikuwa umeanza kulegea.

Mafuta wanayotumia ni ya taa, ya kituoni, si yale ya kupimiwa chupani ambayo huwezi kujua yamechanganywa na nini. Petroli hawaigusi. Mafuta ya taa mpaka yafike kiasi cha nyuzi 38 hivi ndipo mvuke wake unashika moto, lakini petroli hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri mvuke wake unawaka. Fikiria basi kwa joto letu hili. Tambi zilichovywa kwenye ndoo ya bati, zikakung'utwa humohumo, ndoo ikafunikwa na kupelekwa mbali, upande upepo unakotokea. Nguo zao zilikuwa pamba tupu. Poliesta ikishika moto huyeyukia kwenye ngozi. Mchezaji wa kike alifunga kilemba kilichorowa maji.

Kusi ilikuwa inavuma. Kiongozi alisimama katikati ya uwanja ameshika utepe wa kitambaa juu, anautazama tu, na wageni wangu wakaanza kunung'unika. Niliwaelewa, chakula kilikuwa kinapoa. Mwishowe kamba ya kuzuia watazamaji aliisogeza nyuma upande moshi unakoelekea, akaiondoa kabisa kwenye onyesho sehemu ya kucheza na fimbo ndefu, ndipo akawasha.

Walicheza vizuri mno, na hilo nalisema kwa moyo wote. Lakini kilichoniridhisha kuliko vyote ni jambo ambalo nadhani wageni wengi hawakuliona. Mtoto mmoja wa jirani alipita chini ya kamba kufuata mpira wake. Yule kijana mwenye taulo hakupiga kelele. Aliinua mkono wa kushoto, basi. Msichana aliyekuwa anazungusha poi alizishusha papo hapo, zikalala chini kila moja upande wake, taulo likashuka juu ya tambi, moshi mweupe ukatoka pembeni, kwisha. Mwenzao wa pili, mwenye mtungi wa kuzimia moto, alikuwa tayari amemshika mtoto mkono. Ngoma haikusimama. Mama wa mtoto alinifuata baadaye kunishukuru, nikampeleka kwa yule wa taulo.

Mgeni mmoja aliomba watemewe moto kwa mdomo, akaahidi na tuzo. Kiongozi akamjibu, "Samahani kaka, hilo sisi hatulifanyi." Mafuta ya taa yakipotea njia yakaingia mapafuni huleta nimonia mbaya, na upepo ukigeuka ule moto unamrudia mtu usoni. Nilifurahi alivyokataa mbele ya watu bila kunitazama mimi kwanza.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya sakafu. Walimwaga mchanga pale wanapochovya, lakini sehemu ya kuzimia hawakuweka kitu, na asubuhi nilikuta madoa ya mafuta kwenye mawe na alama nyeusi ya moshi chini ya ukuta wa chokaa. Mji huu uko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, na ukuta wa chokaa huwezi kuusugua kwa sabuni ya unga ukabaki ulivyo. Fundi alibidi aje. Pia meza zilizokuwa upande wa chini ya upepo zilipata moshi mwingi. Nyinyi mtakaowaita, hamisheni meza hizo mapema.

Bei yao iko juu kidogo ya wengine, kwa sababu unalipia watu wawili ambao hawachezi. Ukiwaomba wapunguze kwa kumtoa mmoja wa hao, hawakubali, na tafadhali msiwalazimishe. Nimeshawaita tena kwa mwisho wa mwaka, kaskazi itakapokuwa imeingia. Sharti langu ni moja: waje na bati pana la kulaza tambi zinapozimwa, na wazimie katikati ya uwanja, mbali na ukuta. Wamekubali, na kibali kipya wameshaanza kukishughulikia.