Zoom H1n kwa mwanafunzi wa utangazaji: uzoefu wangu kwenye redio na video

Nasoma uandishi wa habari na utangazaji hapa Dar es Salaam, na kinasa sauti cha Zoom H1n ndicho kilichonibeba kwenye kazi zangu mbili za kwanza za vitendo: makala fupi ya redio kutoka soko la samaki la Feri, kisha video fupi ya fundi wa majiko ya bati kule eneo la Gerezani. Naandika kwa ajili ya wadogo zetu wanaoanza, maana swali lao ni lilelile: nikipata hela kidogo, nianze na kamera au na nini? Mimi nasema anza na sauti, hata kama moyo wako uko kwenye video.

Kifaa chenyewe kinaingia mfuko wa shati. Kilitoka mwaka 2018 kuchukua nafasi ya H1 ya zamani, na wakati huo Marekani kiliuzwa kwa takribani dola 120. Huku kwetu bei inategemea duka na hali yake. Changu nilikinunua kwa kaka mmoja aliyekuwa anamaliza chuo. Juu kina maiki mbili zilizopishana kwa nyuzi 90, kwa hiyo unapata sauti ya kushoto na ya kulia. Kinatumia betri mbili ndogo, zile za rimoti, na za alkalini zinafika kama saa 10. Kadi ni microSD, mwisho GB 32. Kina tundu la maiki ya nje, tundu la hedifoni, na mgongoni tundu la skrubu ya stendi.

Kilichonifanya nikipende haraka ni kitufe cha kuzungusha kilicho juu usoni, chenye namba hadi 10, kinachopandisha na kushusha kiwango cha sauti inayoingia. Simu nayo inarekodi, tena siku hizi inarekodi vizuri, lakini mara nyingi inajiamulia yenyewe. Unayemhoji akinyamaza kidogo, simu inapandisha kelele za nyuma. Akifungua mdomo tena, inazishusha. Msikilizaji anasikia mazingira yakipanda na kushuka kila baada ya sentensi, na hakuna uhariri utakaoliondoa hilo. H1n pia ina kitufe cha kujirekebisha yenyewe. Kizime. Weka kiwango kwa mkono wako, ukisikiliza kwa hedifoni.

Feri ni mahali pagumu kwa anayeanza, na ndiyo sababu nilipachagua. Kazi ilikuwa makala ya dakika 5, na mwalimu alitaka msikilizaji ajue yuko wapi kabla mtangazaji hajamwambia. Alfajiri pale mnada umeshapamba moto: dalali anataja bei kwa kasi, mtumbwi unazima injini, visu vinaparua magamba, kunguru wanagombania matumbo ya samaki, mafuta yanachemka upande wa wakaangaji, na pantoni ya Kigamboni inapiga honi juu ya yote hayo. Ukiweka kinasa katikati ukabonyeza kitufe, unapata fujo tupu. Sauti hizo inabidi uzifuate mojamoja.

Nilikuwa nahakikisha mtu akizungumza kawaida mshale unacheza karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Nafasi hiyo inayobaki juu ndiyo ya dalali atakapopaza sauti ghafla. Kwenye kinasa cha kidijitali, sauti ikivuka sifuri inapasuka, na iliyopasuka hairekebishiki. Ukirekodi WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya biti 24, yaani yenye nafasi kubwa kati ya sauti ndogo na kubwa, huna haja ya kuogopa kurekodi chini kidogo, kwa sababu utaipandisha baadaye bila kuleta mvumo mwingi. Kwa biti 24 na kilohezi 48 (sauti inapimwa mara 48,000 kwa sekunde), dakika moja ya stirio inakula kama MB 17, kwa hiyo kadi ya GB 32 ina nafasi ya saa 30 hivi. Usirekodi MP3, faili lililobanwa, ili kuokoa nafasi. Hiyo iache kwa ajili ya faili la mwisho la kutuma.

Sehemu ya makala ninayoipenda mpaka leo imetoka kwa mama mmoja anayeparua samaki. Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikaomba ruhusa. Akaniangalia, akasema, “Mwanangu, picha hapana, ila kusema nitasema.” Kinasa kidogo kina faida hiyo kubwa, hakimtishi mtu. Nilimwomba aendelee na kazi yake huku akinieleza samaki mbichi anajulikanaje. Akataja jicho ling’avu, mashavu mekundu kwa ndani, nyama inayorudi ukiibonyeza. Kila akimaliza jambo moja kisu kinapita kwenye magamba ya samaki aina ya changu, kra, kra, halafu anaendelea. Nilikiweka kinasa shubiri moja kutoka mdomoni mwake, kimeinama kidogo ili pumzi isikipige. Alipomaliza nilimshukuru, kisha nikarekodi kisu peke yake kwa muda mrefu, na baada ya hapo nikarekodi soko lote bila mtu yeyote kusema. Rekodi hizo mbili za ziada ndizo zilizoshona makala nzima. Ukikata maneno katikati ya mahojiano, sauti ya nyuma inaruka. Ukiweka soko chini yake, mkato hausikiki.

Kuna mambo mawili ya kujua kabla hujakipeleka nje. La kwanza ni upepo. Maiki zake ziko wazi, na Magogoni, lilipo soko la Feri, upepo wa baharini haupumziki. Sponji ya kawaida ya kufunika maiki inatosha ndani ya nyumba tu. Nje tafuta kofia ya manyoya. Kinasa kina kichujio cha kukata mvumo wa chini na kinasaidia, lakini upepo ukiipiga maiki yenyewe kichujio hakifui dafu. La pili ni vidole. Mwili wake ni wa plastiki nyepesi, na kila unapobadilisha mshiko unasikika. Funga stendi fupi ya mezani kwenye lile tundu la skrubu, kunja miguu yake, kisha shika hiyo badala ya kinasa. Gharama yake ni ndogo, na tofauti utaisikia.

Kuhariri nilitumia Audacity. Ni programu ya bure, ipo tangu mwaka 2000, na laptopu ya kawaida inaimudu bila shida. Nilipanga tabaka tatu za sauti, moja juu ya nyingine: maneno ya wahojiwa, sauti yangu, na mazingira. Tangu toleo la 3.2 la mwaka 2022 unaweza kuweka efekti (badiliko la sauti, kama mwangwi) huku unasikiliza na kuitoa ukibadili nia, jambo linalompa mwanafunzi uhuru wa kujaribu. Kifaa cha kuondoa kelele kipo: unachagua kipande chenye kelele tupu, programu inaisoma, halafu unaiambia ipunguze. Kwa mvumo usiobadilika kama wa friji au jenereta inafanya kazi nzuri. Kwa kelele za watu sokoni usijisumbue, kwa sababu zinabadilika kila sekunde, na ukilazimisha sauti ya mtu inageuka kama anaongea ndani ya bomba. Nami nashauri kelele za soko zibaki. Feri isiyo na kelele si Feri.

Sauti yangu ya kuunganisha niliirekodi chumbani usiku, pangaboi limezimwa, godoro limesimamishwa ukutani mbele yangu na kabati la nguo liko wazi mgongoni. Studio ya chuo ina foleni, na kwa makala ya redio chumba chenye vitambaa vingi kinatosha kabisa.

Video ya Gerezani ilikuja muhula uliofuata, na hapo ndipo kinasa kilinishangaza zaidi. Wenzangu wengi waliwaza kamera tu. Mimi picha nilichukua kwa simu, sauti nikaikabidhi H1n. Gerezani mafundi bati wanafanya kazi bega kwa bega, nyundo haziishi kulia, na maiki ya simu iliyosimama mita mbili kutoka kwa fundi inasikia nyundo za mtaa mzima kuliko mdomo wake. Nilinunua maiki ndogo ya kubana kwenye kola, nikaichomeka kwenye tundu la kinasa, kinasa kikaingia mfukoni mwa shati la mzee, yule fundi. Tundu hilo linatoa umeme kidogo unaohitajiwa na maiki za aina hiyo. Angalia pini yake tu: maiki nyingi za simu zina pini yenye pete tatu nyeusi, na kinasa kinataka yenye pete mbili. Kuna viunganishi vya kubadilisha, ila ni rahisi zaidi kununua maiki inayofaa tangu mwanzo.

Mzee aliniuliza kabla hatujaanza, “Kijana, na nyundo yangu itasikika? Maana wateja wananijua kwa mlio wake.” Ikabidi nirekodi mara mbili. Mara ya kwanza mazungumzo, yeye akiwa ameketi, nyundo iko chini. Mara ya pili kazi yenyewe: kinasa kiko juu ya stendi, kiwango nimekishusha sana, na kidhibiti cha kilele kimewashwa ili mlio wa chuma usipasuke. Kipande cha pili kina raha yake. Bati likiwa jipya linalia wazi. Linavyokunjwa kuwa duara la jiko, mlio unazidi kuwa mfupi na mzito, na ukifumba macho unajua kazi imefikia wapi. Katika video nilianza na mlio huo skrini ikiwa nyeusi, ndipo uso wa mzee ukatokea.

Kwa upande wa picha nilifuata mafunzo ya darasani: mikono kwa karibu, uso kwa karibu, uso na mikono pamoja, kwa juu ya bega lake, halafu pembe moja ambayo mtazamaji hakuitegemea. Kila kipande nilikishikilia angalau sekunde 10 bila kuhamisha simu. Ukiwa na hivyo vitano, mhariri hakosi pa kukatia.

Kuoanisha sauti na picha si kazi ngumu. Weka kinasa kwenye kilohezi 48, kwa kuwa ndicho kipimo cha video, piga kofi moja mbele ya simu mwanzoni mwa kila kipande, kisha kwenye uhariri linganisha kofi la picha na kofi la sauti. Nilihariri kwa Kdenlive, ambayo nayo ni ya bure na ina amri ya kulinganisha sauti yenyewe. DaVinci Resolve ina mengi zaidi hata kwenye toleo lake la bure, lakini inataka kompyuta yenye nguvu. Kwa laptopu ya mwanafunzi, Kdenlive ikitengeneza nakala nyepesi za video za kufanyia uhariri inakwenda vizuri. Jambo moja la kuangalia: simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu (idadi ya picha kwa sekunde) inayobadilikabadilika, na kwenye kipande kirefu midomo inaanza kuachana na maneno. HandBrake, ya bure pia, inabadilisha video iwe na kasi moja isiyoyumba. Fanya hivyo kabla ya kuanza kuhariri.

Je, kina upungufu? Ndiyo, na ni wa kimaumbile. Hakina matundu ya XLR, yale ya duara yenye pini tatu, kwa hiyo maiki kubwa za studio hazichomeki moja kwa moja. Ukitaka kuhoji watu wawili kila mmoja na maiki na kiwango chake, utahitaji kinasa cha ngazi ya juu. Mwanga wa skrini ni mdogo juani. Kwa mikutano ya waandishi wa habari, ambako unatakiwa kuchukua sauti kutoka kwenye mashine ya sauti ya ukumbi, kinaweza, ila uwe makini sana na kiwango.

Anayenunua kipya leo atazame pia H1essential, kinasa kingine cha Zoom, iliyotoka mwaka 2024. Inarekodi kwa biti 32 za aina ya floti, maana yake huweki kiwango kabisa. Sauti ndogo na kubwa zote unazirekebisha baadaye kwenye uhariri. Ina pia maelekezo ya sauti yanayomsomea menyu mtumiaji asiyeona, jambo ambalo vyuo vyetu vingelifikiria mapema. Kwa anayeanza kabisa, hata hivyo, nashukuru nilipitia H1n, kwa sababu kuzungusha kile kitufe kulinizoeza kusikiliza kwanza ndipo nirekodi.

Ukiuziwa cha mkononi, usitoe hela kabla ya kufanya haya. Fungua kifuniko cha betri, angalia kama vyuma vyake vina kutu. Chomeka hedifoni, tikisa waya taratibu: ukisikia kukatikakatika, tundu limechoka. Zungusha kitufe cha kiwango kutoka 0 hadi 10 ukisikiliza kama kinakwaruza. Rekodi dakika moja ya kimya ndani ya chumba, kisha nenda nayo kwenye kompyuta uisikilize upande wa kushoto peke yake na wa kulia peke yake. Pande zote mbili zikiwa sawa, chukua.