Museo Egizio ya Torino: anzeni na chumba cha Kha na Merit

Wadau mliopo Italia au mnaopita huko, msiondoke Torino bila kuingia Museo Egizio, makumbusho ya Misri ya kale, ipo katikati ya mji toka 1824. Wengi wanakimbilia masanamu ya mafarao kupiga selfi, sawa yanavutia kweli, ila mi nawaambia pitilizeni muanze na chumba cha Kha na mkewe Merit, hapo ndo unaona watu wa bonde la Nile walivyokuwa wanaishi majumbani mwao.

Kha alikuwa msimamizi wa mafundi waliochonga makaburi ya wafalme, wanakaa kijiji kinaitwa Deir el-Medina, ng'ambo ya mto kutoka Luxor ya leo, kama miaka 3,400 iliyopita. Mwaka 1906 Ernesto Schiaparelli, mwanaakiolojia Mwitaliano aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho haya, akalikuta kaburi lao wezi hawajaligusa, vitu zaidi ya 400 humo ndani. Yaani wamezikwa na nyumba nzima! Vitanda, stuli, masanduku ya rangi, mikate imekauka lakini umbo lipo vilevile, na kipimo cha dhiraa kilichofunikwa dhahabu chenye jina la mfalme Amenhotep II.

Mi nilinasa kwenye vitu vya Merit. Wigi lake la nywele halisi za binadamu, zina mawimbi mawimbi mpaka leo, na sanduku la vipodozi lenye vichupa vya mafuta na kichupa cha wanja, jamani wanja! Huyu dada alikuwa anajipenda. Alilazwa kwenye jeneza lenye jina la mumewe, inaonekana alitangulia na la kwake halijawa tayari. Hapo nilinyamaza kidogo.

Halafu angalia nguo za Kha, kuna hadi za ndani, kitani tupu, na zingine zimeshonewa alama yake ili zisichanganyike. Serikali ilikuwa inawapa kijiji madobi na wachota maji maana mto upo mbali, na mshahara wa mafundi ni nafaka, ngano na shayiri, kwa hiyo nafaka ikichelewa ni njaa. Na ilichelewa kweli, baadaye sana zama za farao Ramesses III, mwaka wa 29 wa utawala wake, mafundi wakaacha kazi wakaenda kukaa nyuma ya mahekalu wakasema njaa na kiu ndo vimewaleta, hawana nguo, mafuta, samaki wala mboga, aandikiwe farao. Papirasi, yaani karatasi ya kale ya mafunjo, yenye habari za mgomo huo inahifadhiwa hapahapa Torino, ulizeni wahudumu kama imetolewa maana papirasi hazivumilii mwanga. Kwangu hiyo inazidi sanamu lolote.

Roho inauma kidogo kuona nyumba ya watu ipo Ulaya. Vitu hivi vilitoka Misri kwa kibali, ila idara ya mambo ya kale ya Misri wakati huo ilikuwa chini ya Mfaransa, Gaston Maspero, na nchi imekaliwa na Waingereza, Wamisri wenyewe nani aliwauliza?

Maelezo yapo kwa Kiitaliano na Kiingereza. Tiketi kateni mtandaoni, mwende asubuhi, tengeni nusu siku, na Jumatatu wanafunga mapema. Nyota tano, na watoto wapelekeni, mikate ya kale wataipenda.