Nyumba kongwe ya Mji Mkongwe: lipu ya saruji au ya chokaa?

Saruji inashinda kwa haraka: leo umepiga lipu, kesho imekauka, na duka la vifaa haliko mbali. Sifa zake zinaishia hapo. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa. Zinanyonya maji kutoka chini na kuyatoa taratibu kwa nje. Ukizifunika kwa saruji, unyevunyevu unabaki ndani, chumvi inajikusanya, lipu inabambuka vipande vizima, na boriti za mikoko zinaanza kuoza kwenye ncha zilizoingia ukutani.

Chokaa ina adha zake. Lazima izimwe kwa maji, ilowekwe, isubiriwe. Ikikaa sana ndipo inapolainika kama samli. Ukutani nako haina pupa: inavuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe polepole, mwaka baada ya mwaka. Tena inataka fundi mzee, yule anayegonga ukuta kwa kifundo cha kidole akajua wapi pana uwazi. Kijana wa saruji (hodari, simkatai) atatanguliza mwiko.

Mimi ningemlipa mzee, na huyo kijana awe msaidizi wake.