Picha zimenigusa, lakini shangazi yangu alinyanyuliwa kwenye benchi

Naanza na lile benchi, maana ndilo limenikaa rohoni. Zimepita wiki kadhaa na bado nikilikumbuka napandwa na hasira.

Nilimpeleka shangazi kwenye maonyesho ya kijana mchoraji, ndiyo kwanza anaanza, katika ukumbi mmoja wa picha kule Oysterbay. Tumetoka Buguruni kwa daladala mbili, jua kali, na shangazi magoti yanamsumbua. Kuingia tu akaona benchi la mbao, akakaa. Hajashusha hata pumzi, dada wa mapokezi huyo: "Mama, hapo hapakaliwi. Simama, kuna wateja wanakuja." Hata shikamoo hakuna! Mtu wa kumzaa kabisa! Shangazi akanyanyuka, akajifunga kanga yake vizuri, akajisogeza ukutani. Baadaye kidogo wakaingia wageni wawili, wakakaa palepale na glasi zao mkononi. Hakuna aliyewagusa.

Na hii ni Oysterbay, jamani. Hapahapa marehemu Edward Saidi Tingatinga, kibarua aliyetoka Tunduru, alikuwa akichora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi na kuuza nje ya duka. Leo mama wa kanga hana pa kukaa?

Kilichoniuma zaidi, mchoraji mwenyewe alikuwa hatua chache tu. Aliona, akainamisha kichwa. Nilitoka nimeapa kuwaambia watu wasiende.

Ila siwezi kuwadanganya. Yule kijana anajua. Kachora sura za watu juu ya mabati chakavu ya migongo, na kutu hakuipiga msasa, kaiacha iwe ndiyo ngozi. Kuna mzee mmoja, ukimtazama ukitokea kushoto amefumba macho. Ukizunguka kulia, amefumbua, anakutazama wewe. Nilienda na kurudi mara sijui ngapi. Nyingine hazijaiva, zile alizobandika vipande vya vitenge, rangi inapigana na kitambaa mpaka sura inapotea. Lakini mama muuza samaki wa Feri! Mikunjo ya shavu imefuata migongo ya bati kana kwamba bati lilitengenezwa kwa ajili yake. Shangazi alisimama pale, kwa magoti yaleyale, akisema polepole, "Huyu amechoka, mwanangu. Huyu ameamka saa tisa."

Basi nendeni mkaone. Ndiyo, nasema nendeni, kijana asiadhibiwe kwa kosa la mapokezi. Ingawa na yeye alinyamaza, na nikifika hapo nakasirika upya. Mdogo wangu, ule ukumbi ni wa watu, najua, na ndiyo kwanza wamekufungulia mlango. Lakini ungemletea hata kiti cha plastiki.

Jana shangazi kaniuliza maonyesho yanaisha lini, anataka akamwone tena yule mama wa samaki. Mpaka sasa sijampa jibu.