Tepu ya sponji: ipi ununue, kwa kazi gani, na kwa nini huachia

Ukiomba "dabo tepu" kwenye hadiwea ya Kariakoo, muuzaji atakuwekea mezani kimoja kati ya vitu viwili. Cha kwanza ni rola nyeupe, nyepesi, sponji yake inabonyea ukiigusa. Cha pili ni rola nyembamba ya kijivu au nyeusi, nzito kwa kimo chake, imefunikwa nailoni nyekundu. Vyote vina gundi pande mbili, ila bei ya cha pili ni mara kadhaa ya cha kwanza. Kwa kioo cha bafuni, kibao cha ofisi au nembo ya gari, chukua hicho cha pili bila kujadiliana sana.

Maneno "hubeba kilo 10" kwenye pakiti yasikushughulishe. Tepu hupimwa maabara juu ya bamba safi la chuma kisichoshika kutu. Ukuta wako una rangi ya maji, vumbi la plasta na mvuke wa jikoni. Kinachoamua ni sponji imetengenezwa kwa nini, inabandikwa juu ya nini, na mzigo unaivuta upande gani.

Hilo la upande ndilo wengi hulisahau. Kibao bapa kinachotaka kuteleza chini ukutani huivuta tepu kwa ubavu, na eneo lote la gundi hufanya kazi pamoja. Ndoano iliyotokeza mbele ikitundikwa taulo bichi huibandua tepu kutoka ukingo wa juu, kama unavyobandua plasta ya kidonda: mstari mmoja mwembamba wa gundi ndio unaopambana. Ndiyo maana tepu ileile inayoshika kibao cha kilo 2 kwa miaka huangusha taulo la gramu mia chache usiku wa kwanza.

Za kushikilia, kuanzia bora

1. Akriliki nzima. Hapa sponji na gundi ni kitu kimoja; ukikata huoni matundu kwa urahisi. Inayojulikana zaidi ni VHB ya kampuni ya 3M, iliyoingia sokoni mwaka 1980. Tesa ya Ujerumani nao wana ACXplus. Kama nyumbani unataka rola moja tu, chukua unene wa milimita 1.1 na upana wa milimita 19. VHB 5952, ambayo ni nyeusi, hufaa chuma kilichopakwa rangi na plastiki nyingi, na hustahimili takribani nyuzi 93 kwa muda mrefu. Pale tepu itakapoonekana, kama nyuma ya kioo au pleksiglasi, iko ya uwazi, 4910, yenye unene wa milimita 1.

Nailoni nyekundu si ushahidi wa chochote. Kiwanda chochote kinaweza kuifunikia tepu yake. Omba kipande cha sentimita 3, toa nailoni, shika ncha mbili uvute polepole. Akriliki halisi hurefuka mara kadhaa ya urefu wake kama ubani uliotafunwa, kisha hurudi taratibu. Sponji ya kawaida hukatika mapema, na kwenye mkato utaona matundu.

2. Polithini yenye gundi ya akriliki. Nyeupe au nyeusi. Inatosha kwa trankingi za nyaya, vibao vya majina ya milango, fremu nyepesi za picha, yote ndani ya nyumba. Muulize muuzaji kama gundi ni ya akriliki au ya mpira. Asipojua, soma pakiti. Isipoandikwa, hesabu kwamba ni ya mpira.

3. Ya jeli, ya uwazi, inayooshwa. Wengi huiita "nano". Ikichafuka unaiosha kwa maji, inakauka, inanata tena. Ni nzuri kwa kuzuia zulia lisiteleze au kushikilia rimoti kando ya kitanda. Kwa kitu cha kudumu si chaguo, na kwenye rangi ya maji hung'oka na rangi.

4. Nyeupe ya bei ya chini, gundi ya mpira. Hunata papo hapo kuliko zote, na hapo ndipo mnunuzi anapodanganyika. Gundi ya mpira hulainika kwenye joto, mzigo ukaanza kuteleza kidogo kidogo. Inafaa mapambo ya sherehe na sampuli za maonyesho. Ndani ya gari lililoegeshwa juani, au ukuta unaopigwa na jua la saa nane, usiiweke.

Za kuziba mianya

Hizi zina gundi upande mmoja. Ya kwanza kwa milango na madirisha ni mpira wa EPDM, mweusi, wenye matundu yaliyofungwa: hauingizi maji, na jua hauuogopi. Neoprini, mpira wa aina nyingine, inaikaribia, na huishinda penye mafuta, kama kwenye vifuniko vya mashine. Ya tatu ni polithini au PVC: huziba vumbi, lakini ikishabanwa miezi kadhaa hubaki bapa. Ya mwisho ni poliurethani yenye matundu wazi, ile laini kama godoro. Ni rahisi mno na hubonyea vizuri, ila hunywa maji na kuvuta vumbi. Kwa kabati la ndani, sawa.

Bomba la kiyoyozi lina mambo yake. Nunua tepu ya mpira wa naitraili, kwa kawaida unene wa milimita 3 na upana wa 50, na kila mzunguko ufunike nusu ya ule uliopita. Usiivute unapozungusha, kwa sababu ukiivuta unaipunguza unene. Pwani, penye unyevu mwingi, sehemu iliyokonda hutoa jasho, na jasho hilo ndilo linaloacha duara la kahawia kwenye dari la jipsamu.

Kabla ya kununua ya mlango, pima mwanya. Chukua bonge dogo la unga wa chapati, lifunge kwenye nailoni, liweke kati ya mlango na fremu, funga mlango, fungua, pima unene uliobaki. Rudia sehemu tano au sita, maana fremu za mbao hazinyooki. Nunua tepu inayozidi mwanya kwa theluthi hadi nusu: mwanya wa milimita 4, tepu ya milimita 6. Ukiweka ya 10, kitasa hakitashika na bawaba zitalalamika.

Urefu nao una mtego. Mlango wa mita 2.1 kwa 0.9 unahitaji mita 5.1 pande tatu, na rola nyingi ni za mita 5. Nunua mbili, au tafuta ya mita 10. Upande wa kitasa na juu, tepu inakaa kwenye ukingo wa fremu ambao mlango unaugonga ukifungwa. Upande wa bawaba, ibandike kwenye ubavu wa fremu ili mlango uibane badala ya kuisugua. Ikisuguliwa itajikunja baada ya muda mfupi. Dirisha la alumini la kuteleza halitaki sponji kabisa, linataka brashi yake.

Uso unaobandikwa

Kioo, vigae, chuma na alumini ni marafiki. Rangi ya mafuta iliyokauka vizuri pia. Rangi ya maji ni rafiki wa mashaka: tepu itashika rangi, lakini je, rangi inashika plasta? Ukuta wa chokaa achana nao, tumia msumari. Polithini na polipropilini, yaani ndoo na vyombo vingi vya jikoni, hazishiki gundi bila praima maalumu, yaani dawa inayopakwa kwanza ili gundi ishike. PVC laini, kama ya mapazia ya plastiki, hutoa mafuta yake taratibu yakalainisha gundi kutoka ndani, hivyo inaweza kushika leo ikaachia baada ya wiki kadhaa.

Usafi ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Dawa inayopendekezwa ni alkoholi ya aisopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Spiriti ya vidonda ya duka la dawa mara nyingi huwa na mafuta ya nyonyo ndani yake, na kitakasa mikono kina gliserini; vyote huacha utando usiouona. Petroli na mafuta ya taa ni vilevile. Tina hukata mafuta, ila hula rangi na plastiki. Tumia vitambaa viwili: kimoja kibichi cha kufuta, kingine kikavu kinachofuata nyuma yake kabla dawa haijakauka yenyewe, la sivyo uchafu ulioyeyuka unarudi palepale. Kutu na rangi inayoacha unga mkononi zipigwe msasa kwanza.

Kisha bandika bila kuivuta tepu. Tepu iliyonyooshwa hujirudisha, na miisho yake ndiyo huinuka kwanza. Ibandike kwenye kitu, siyo ukutani, uipitishie kirola cha mpira kabla ya kutoa nailoni ya pili. Ukishagusisha kitu ukutani, kandamiza kwa nguvu urefu wote wa tepu kwa sekunde kumi na tano hivi. Akriliki hujenga nguvu polepole: kwa joto la kawaida hupata karibu nusu baada ya dakika 20, asilimia 90 baada ya saa 24, na yote baada ya saa 72. Anayetundika na kupakia mzigo saa hiyohiyo anatumia nusu ya alicholipia. Uso ukiwa chini ya nyuzi 10, kama asubuhi za Julai Limuru au Makete, subiri jua au pasha kwa mashine ya kukaushia nywele. Umande kwenye bodi ya gari ni adui mbaya kuliko baridi.

Kiasi gani?

Kwa akriliki, kipimo cha mzigo tulivu ni sentimita za mraba 55 kwa kila kilo. Chukua kioo cha kujitazamia cha sentimita 60 kwa 40, unene wa milimita 4. Kioo cha unene huo kina kilo 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo chako ni kilo 2.4. Mara 55, unapata sentimita za mraba 132. Tepu ya milimita 19 itahitaji urefu wa kama sentimita 70. Weka vipande viwili vya sentimita 40 na umepata akiba. Viweke wima, maana vya kulala hukusanya maji ya mvuke nyuma ya kioo. Kumbuka pia kwamba mgongo wa kioo umepakwa rangi, na tepu inashika rangi hiyo. Kioo kikubwa, au chochote kinachokaa juu ya kitanda, kiwekewe reli chini yake.

Karakana na kiwandani

Mafundi wa mabango hutumia akriliki kushikilia alukobondi, yaani bamba za alumini zenye plastiki katikati, kwenye fremu bila rivets. Faida kubwa ipo kwenye joto. Pleksiglasi ya mita 2.4 juu ya fremu ya alumini, joto likipanda kwa nyuzi 40 tangu alfajiri hadi mchana, hurefuka takribani milimita 4.5 zaidi ya fremu yake, yaani zaidi ya milimita 2 kila mwisho. Skrubu huipasua. Akriliki ya milimita 1.1 inaweza kuyumba kwa ubavu hadi mara tatu ya unene wake, kwa hiyo inafuata mwendo. Bamba likiwa limepinda kidogo, panda hadi milimita 2.3, unene unajaza mwanya, hauongezi nguvu.

Kwenye mitambo ya fleksografia, inayochapa mifuko na lebo, tepu ya sponji iliyo chini ya pleti, yaani bamba lenye picha ya kuchapwa, huwa nyembamba zaidi, milimita 0.38 au 0.50, na huchaguliwa kwa ugumu: laini kwa picha za nukta, ngumu kwa rangi iliyojaa. Ukikosea, nukta zinatanuka au rangi inatoka na madoa meupe.

Kabla ya kuagiza katoni, fanya jaribio kwenye malighafi yako mwenyewe. Bandika kipande cha sentimita 5, subiri saa 72, kisha kibandue kwa nguvu na utazame. Sponji ikipasuka katikati ikabaki pande zote mbili, umechagua sawa. Ikitoka safi upande mmoja, tatizo ni usafi au uso unaohitaji praima. Ikitoka na rangi, badilisha rangi, siyo tepu. Tazama pia rola zenyewe: kingo zinazotoa gundi, au rola iliyochomoza katikati kama darubini, ni dalili ya stoo yenye joto. Muda wake, ikihifadhiwa chini ya nyuzi 38, ni kama miaka 2, kwa hiyo rola iliyokaa kwenye kabati la kioo linalopigwa jua iache hapohapo.

Kuitoa

Usichokoe kwa bisibisi. Pasha kwa mashine ya nywele dakika moja au mbili, pitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma ya kitu, uuvute huku na huku kama msumeno hadi sponji ikatike. Mabaki yasugue kwa kidole gumba yajiviringe. Yanayokataa, loweka kwa mafuta ya taa dakika chache ukwangue kwa kadi ya plastiki, kisha osha kwa sabuni na ufute kwa alkoholi kabla ya kubandika nyingine, kwa sababu mafuta hayo ya taa ndiyo yatakayoiangusha tepu mpya.