Uzoefu wangu: tulivyopata gemu moja ya bure ya kututosha watano

Jumamosi saa tatu usiku simu inaita kwenye kundi letu, na nikichelewa kupokea dakika mbili tu naitwa majina yote. Tuko watano tuliosoma pamoja, na leo kila mtu ana mji wake: mimi Morogoro, mwingine Tanga, mwingine Mwanza, mwingine Arusha, na wa tano yuko Muscat kikazi, ambako saa tatu yetu ni saa nne yake. Tumezoea kuitana kwa miji, na hapa nitafanya hivyohivyo. Karibu mwaka mzima tulitafuta gemu ya bure ya kucheza sote. Tulishusha, tukafuta, tukashusha nyingine, mpaka tukatulia kwenye Among Us. Naandika kwa sababu najua makundi mengi yanakwama palepale tulipokwama sisi. Gemu nzuri zimejaa, lakini mmoja anaifurahia, wawili wanaivumilia, na wawili waliobaki wanaanza kutoa udhuru.

Mjue kwanza watu wenyewe. Tanga ana vidole vyepesi, anauza spea za pikipiki, na akishika simu anataka kufukuza na kufyatua. Mwanza ni muuguzi. Ukimpa kazi kumi atazifanya zote kumi kwa mpangilio, ila hapendi kufukuzwa wala kelele. Arusha ni mtu wa maneno, tangu shuleni alikuwa akisimama kwenye mdahalo hata upande usio na hoja unaanza kuonekana una haki. Muscat ni wa bao na drafti, anafikiri kwanza ndipo anasogeza mkono. Mimi nacheza chochote mradi wote wapo, ndiyo maana kazi ya kutafuta iliniangukia.

Tulianza na Free Fire, kwa kuwa kila mtu mtaani anaicheza na haidai simu ya bei kali. Mnashuka kisiwani watu 50, raundi inakwisha kwa takriban dakika kumi, na kwa mtu kama Tanga ile ni sikukuu. Sisi hesabu ndiyo iliyotukataa. Kikosi ni cha watu wanne, nasi ni watano. PUBG Mobile vilevile, kikosi wanne, na raundi zake ni ndefu zaidi. Kila raundi mmoja alikaa nje, na aliyejitolea alikuwa yuleyule. "Nendeni tu, kaka zangu, mimi nasikiliza," Mwanza alisema wiki ya kwanza. Wiki ya pili akasema hivyohivyo. Wiki ya tatu hakupokea simu kabisa. Hakuna aliyemkosea, ila niliumia, maana lengo zima lilikuwa kukutana.

Nikasema basi tutafute ya watu watano. Mobile Legends ni watano kwa watano barabara, na ukisoma maelezo yake unaona kama imetengenezwa kwa watu wa tabia tofauti: kuna wa kusimama mbele apokee mapigo, wa kupiga kwa mbali, wa kusaidia wenzake, wa kuvizia. Naiheshimu sana gemu ile. Lakini ina jambo moja ambalo anayeanza lazima alijue mapema. Kila ukiuawa, aliyekuua anapata dhahabu na uzoefu, anazidi kuwa na nguvu. Kwa hiyo kosa la mgeni linakuwa chakula cha adui, na adui aliyeshiba anakuja kumpiga rafiki yako aliyekuwa anacheza vizuri. Tanga hakumtukana mtu hata siku moja. Alinyamaza tu, ule ukimya wa mtu anayejizuia, na sisi tuliokufa mara nane tuliusikia vizuri kwenye simu.

Ludo King tuliicheza mwezi mmoja. Muscat na Mwanza waliipenda, nami pia. Tanga alikuwa anahesabu mauzo ya siku huku anacheza, tukawa tunamkumbusha zamu yake. Palikuwa na nyingine pia, jina naliacha, ambayo aliyelipia silaha alikuwa na nguvu kuliko asiyelipia. Hiyo tuliifuta usiku uleule, kwa kuwa katikati yetu kuna wenye kipato cha kila siku na wenye mshahara, na sikutaka tofauti ile iingie hata kwenye mchezo.

Hapo ndipo nikabadilisha swali. Nilikuwa nauliza gemu ipi ni nzuri. Nikaanza kuuliza: kila mmoja wetu atafanya nini mle ndani, na yule atakayetolewa mapema ataendelea kuwa nani? Hilo la pili ndilo lililonifikisha kwenye Among Us.

Si gemu mpya. Kampuni ya Innersloth ya Marekani iliitoa mwaka 2018, na dunia ikaigundua mwaka 2020 watu walipofungiwa ndani kwa korona. Kwenye simu ni bure na ina matangazo. Kwenye kompyuta unalipia, lakini wa simu na wa kompyuta wanaingia chumba kimoja. Mnaweza kuwa wanne mpaka 15. Mmekaa kwenye chombo cha angani, wengi ni wafanyakazi wenye kazi ndogondogo za kumaliza, na miongoni mwenu yuko muuaji anayejifanya mfanyakazi. Sisi tunamwita msaliti. Maiti ikionekana, mkutano unaitishwa, mnajieleza, mnapiga kura, na mmoja anatupwa nje.

Angalia inavyogawa watu. Mwanza anapata kazi zake: kuunga nyaya chumba cha umeme, kusafisha majani, kupeleka data. Tanga anapata vimondo 20 vya kulipua, na akiwa msaliti anapata kuvizia na kupita kwenye matundu ya hewa. Muscat anakaa anakumbuka nani alikuwa wapi na nani alitoka naye. Arusha anapata mkutano, na hapo amefika nyumbani. Hakuna anayemngoja mwenzake ajifunze, na hakuna anayelazimishwa kuwa mtu ambaye siye.

Kuna kazi moja ya kutelezesha kadi kwenye mashine pale ofisini. Unaitoa kadi kwenye pochi, unaipitisha kushoto kwenda kulia. Ukienda haraka, mashine inakataa, inakuambia umeharakisha. Ukienda polepole inakataa pia. Tanga, mwenye vidole vya umeme kuliko sisi sote, alisimama pale mara sita akikataliwa, na alipogeuka tu akauawa. Mwanza anaipitisha mara moja, kila siku, kwa mkono uleule unaotafuta mshipa wa mgonjwa. Alimwelekeza: "Usiivute, kaka. Isindikize." Siku hiyo kwa mara ya kwanza yeye ndiye alikuwa anamfundisha Tanga kitu kwenye gemu, na nilisikia furaha katika sauti yake ambayo sikuwahi kuisikia tukiwa kule kisiwani.

Sasa lile la aliyetolewa mapema. Mfanyakazi akiuawa anakuwa mzuka, na mzuka anaendelea na kazi zake. Wafanyakazi wakimaliza kazi zote, wazima na mizuka kwa pamoja, wameshinda hata kama msaliti hajajulikana. Usiku mmoja tulikuwa saba. Mwanza aliuawa wa kwanza, pale kwenye nyaya. Arusha ndiye alikuwa msaliti, na kwenye mkutano akatujengea hoja moja nzuri sana dhidi ya Muscat, tukamtupa nje mtu asiye na hatia. Tanga naye akafuata, akauawa akikimbia. Tukabaki watatu na muuaji wetu, tunatazamana. Mstari wa kijani juu ya skrini, unaoonyesha kazi zilizokamilika, ukawa unasogea, unasogea, wala hatukuuangalia. Ghafla skrini ikabadilika: wafanyakazi wameshinda. Mwanza akafungua maiki: "Nilikufa nikiwa na kazi mbili. Nikazimalizia." Muscat naye alikuwa anamalizia zake kwa hasira. Arusha alikaa kimya kama robo dakika, na hilo kwake ni muda mrefu.

Kwa mtu wa zamu za hospitali anayecheza kwenye simu ya kawaida, kuuawa wa kwanza na bado kuwa sababu ya ushindi ni kitu kikubwa. Tangu mwaka 2021 kuna pia vyeo vya ziada ambavyo mwenye chumba anaviwasha au kuvizima: fundi anayepita matundu kama msaliti, mwanasayansi anayeweza kuangalia nani yu hai akiwa popote, na malaika mlinzi, ambaye ni mzuka anayemkinga mzima asiuawe.

Jinsi tunavyopanga, huenda itawasaidia. Tunaingia sote kwa seva ya Ulaya, mmoja anafungua chumba cha siri, anatuma herufi sita za chumba kwenye kundi. Sauti tunatumia simu ya kundi ya WhatsApp. Maiki zinazimwa wakati wa kazi, zinafunguliwa kwenye mkutano, na aliyekufa hafungui mpaka mwisho. Hili la mwisho liwekeni mapema, maana mtu mmoja akiguna tu amekwisha kuiharibu raundi. Msaliti tunaweka mmoja, muda wa kungoja kati ya kuua na kuua sekunde 25, kura dakika mbili ili Arusha apate nafasi yake, na tunaficha kama aliyetupwa alikuwa msaliti au la. Kazi zinazoonekana tunaziacha ziwashwe, hasa ile ya kupimwa zahanati: mtu akisimama pale na mwanga ukamzunguka mbele yako, huyo si msaliti.

Idadi ni jambo la kweli. Watano inachezeka, lakini ni nyembamba: mkimtupa mmoja kimakosa, msaliti akaua wawili, mmebaki wawili, mmoja akiwa yeye, naye ameshinda. Tukamwalika shemeji wa Tanga, mdogo wake shemeji, na kijana wa Mombasa anayekaa nyumba moja na Muscat. Tukifika wanane mambo yanakuwa matamu kabisa. Mdogo wake shemeji bado mtoto, na akaunti ya mtoto inapewa maneno ya kuchagua tu badala ya kuandika. Naliona ni jambo jema. Vyumba vya wazi vya watu tusiowajua tuliviacha baada ya siku mbili, lugha ya mle haikuwa ya kusikiwa na mtoto.

Upungufu upo. Aliyekatika mtandao hawezi kurudi kwenye raundi ileile, anangoja iishe, na mvua ikinyesha Morogoro mimi ndiye huyo. Matangazo yanakuja kati ya raundi, ukitaka yaondoke unalipa. Vinavyouzwa vingine ni kofia, nguo na vinyama vya kutembea navyo, havikupi nguvu yoyote, kwa hiyo hakuna kati yetu aliyeachwa nyuma. Lugha zake ni nyingi, hata Kiayalandi kimo, ila Kiswahili hakimo. Shemeji alihitaji nusu saa ya kutafsiriwa kila kitufe, na ningependa sana siku moja asihitaji.

Lililonipa kazi zaidi ni uongo. Mwanza alituambia mapema: "Mimi kusema uongo siwezi, hata mchezoni." Akipangiwa usaliti sauti inamtetemeka, tunamjua kabla hajamaliza sentensi, na hafurahii. Sikutaka kumlazimisha, kwa kuwa ni tabia yake na ni njema. Tukahamia, kwa sehemu ya usiku, kwenye aina nyingine ya mchezo humohumo ndani ya Among Us, iliyoongezwa mwishoni mwa 2022. Mtafutaji anajulikana tangu mwanzo, wengine wanajificha huku wakifanya kazi ili saa iishe haraka. Hakuna mikutano, hakuna kura, hakuna wa kumdanganya. Ni kombolela tuliyocheza utotoni, imehamia angani. Tanga anapata kufukuza mpaka aridhike, Mwanza anafanya kazi zake na dhamiri yake safi. Arusha analalamika hana wa kuzungumza naye, kwa hiyo tunagawa: raundi nne za kura, raundi tatu za kombolela.

Mkianza, anzieni ramani ya The Skeld, ndiyo nyepesi kuikariri, na kila mmoja acheze raundi kadhaa kabla hamjaongeza vyeo. Sisi Jumamosi hii tunahamia ramani ya Polus kwa mara ya kwanza. Mwanza ana zamu ya usiku, kwa hiyo tumeisogeza iwe saa kumi jioni, na Tanga amesema atafunga duka mapema.