Tathmini ya seti ya vifaa vya JKT inayouzwa Kariakoo

Kila mwaka, mara tu wahitimu wa kidato cha sita wanapomaliza mitihani yao mwezi Mei na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) linapotangaza majina ya walioitwa kwenye mafunzo kwa mujibu wa sheria, maduka ya Kariakoo hutundika milangoni bukta za bluu na fulana za kijani. Bidhaa inayotoka haraka kuliko zote siku hizo ni seti nzima ya vifaa vya kambini, iliyokwisha pangwa ndani ya begi moja na kusubiri mzazi mwenye haraka. Seti ninayoizungumzia hapa niliinunua kwa shilingi 95,000 katika duka moja la Mtaa wa Kongo kwa ajili ya binti wa dada yangu, aliyepangiwa kambi ya Mafinga mkoani Iringa. Nimeona nisiandike lolote hadi amalize mafunzo yake ya miezi mitatu, kwa kuwa nguo za kazi kama hizi huwezi kuzijua ubora wake zikiwa bado kwenye nailoni.

Kipimo nilichotumia ni tangazo la JKT lenyewe, ambalo halikuacha nafasi kubwa ya kubahatisha. Linataka bukta ya bluu iliyokolea, yenye mpira kiunoni na isiyo na zipu, yenye mfuko mmoja nyuma na inayoishia magotini. Fulana ya kijani. Raba za michezo za kijani au bluu. Shuka mbili za bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi. Traksuti ya kijani au bluu. Na nguo za kuzuia baridi kwa wanaokwenda mikoa ya baridi. Muuzaji alinihakikishia kwamba vyote vimo, akasema, "Mzee wangu, hii ndiyo yenyewe, wote wanachukua hii." Vyote vilikuwemo kweli, ukiondoa nguo za baridi, lakini kuwemo ni jambo moja na kufuata maelekezo ni jambo jingine.

Bukta ilikuwa na mifuko miwili ubavuni na haikuwa na mfuko wa nyuma. Kitambaa chake kilikuwa kizuri, kizito kiasi na kisichoonyesha mwili, ila mpira wa kiunoni ulishonwa kwa mstari mmoja tu wa uzi, na ulipovutwa kidogo nyuzi zilianza kutokeza. Ilibidi tumpelekee fundi cherehani wa barazani, ambaye alifumua mifuko ya ubavuni, akatumia kitambaa cha mifuko hiyo kutengeneza mfuko wa nyuma, kisha akapitisha mshono wa pili kwenye mpira. Bukta hiyo imerudi kutoka Mafinga ikiwa imepauka lakini nzima, na sifa hiyo naona ni ya fundi zaidi kuliko ya duka.

Fulana mbili za kijani zilikuwa za pamba, na hapo sina lawama, isipokuwa rangi. Tulipoziloweka kwa mara ya kwanza maji ya beseni yaligeuka kijani kama yaliyopikiwa kisamvu, na hata baada ya kuzisuuza kwa maji ya chumvi ziliendelea kutoa rangi kwa muda. Anayezinunua azifue peke yake mapema, nyumbani, kabla hazijalazwa begini pamoja na shuka. Shuka zenyewe ndizo zilizonifurahisha kuliko nilivyotarajia: rangi ilikuwa sahihi, pindo zilishonwa vizuri, na hazikutoboka kwa kufuliwa mara kwa mara kwa mkono.

Kasoro kubwa ya seti hii ni raba. Zilikuwa raba za turubai za kijani, zenye sura ya kuvutia na soli nyeupe, na ukizitazama kwa mbali huwezi kuzitofautisha na zile zinazouzwa kwa bei ya juu zaidi katika duka la tatu kutoka hapo. Tofauti huonekana ukikunja kiatu kwa mikono miwili, kisigino kikikaribia ncha. Kwenye raba za seti, mahali soli inapokutana na turubai mbele ya vidole pakafunguka mwanya mwembamba, na ndani yake ukaonekana mstari wa gundi ya manjano bila uzi wowote. Binti aliona kabla yangu, akasema, "Mjomba, hizi hazifiki Julai." Tulinunua jozi ya pili kwingine, yenye soli iliyoshonwa kuzunguka kiatu, na za seti akaenda nazo kama akiba. Alizivaa katika mchakamchaka wa alfajiri wiki za mwanzo, na soli ya kulia ikaachia mbele kama alivyosema. Jozi iliyoshonwa ndiyo aliyomalizia nayo mafunzo.

Kuhusu saizi, duka linauza seti kwa namba ya kiatu unayoitaja, bila kukuuliza utavalia soksi gani. Soksi ndefu nyeusi zilizomo ni nene, jambo ambalo ni zuri kwa ngozi ya kisigino, lakini unene huo unakula nafasi ndani ya kiatu, kwa hiyo ni vyema kuzijaribu raba ukiwa umevaa soksi hizo hizo na kuchukua namba inayoacha nafasi mbele ya vidole. Kijana akipata wiki mbili za kukimbia nazo kwenye njia ya vumbi kabla ya kuripoti, mguu utakuwa umezoea na malengelenge yatapungua sana.

Traksuti ni ya kitambaa chepesi cha aina ya parachuti, kinachopiga kelele ukitembea na kukauka upesi ukikifua. Kwa aliyepangiwa Ruvu, Pwani, inatosha na huenda ikazidi. Kwa Mafinga mwezi Juni na Julai, wakati baridi ya Mufindi inapoingia mifupani, haizuii chochote, na sweta la sufu tulilolipata kwenye mitumba ya Ilala ndilo lililofanya kazi hiyo. Seti pia haina toleo la wasichana: bukta na fulana zimekatwa kwa umbo la kiume, na sidiria za michezo na taulo za kike ni juu yako.

Nisiwanyime haki yao kwenye huduma. Walitoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bila kuombwa, na ingawa ukutani waliandika kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, walikubali kubadilisha fulana iliyokuwa kubwa. Jambo lililonikera ni kijana wa dukani kutubembeleza tuongeze kofia yenye mabaka ya kijeshi, eti binti "apendeze." Sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo ni marufuku kwa raia, na Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa wananchi siku saba za kuzisalimisha. Muuzaji anayehudumia familia za makuruta alipaswa kulijua hilo kuliko mteja wake.

Mwakani, kwa mdogo wake, nitarudi katika duka hilo kwa shuka, soksi, fulana na begi, na nitaomba bei ya kimoja kimoja badala ya seti. Nitaomba pia ile bahasha ya plastiki yenye zipu waliyotupa kama nyongeza. Vijana hutakiwa kwenda na nyaraka za udahili wa elimu ya juu, kwa sababu matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka wakiwa bado kambini, na ndani ya bahasha hiyo vyeti vyote vya binti vilirudi vikavu bila kukunjika.